Bakuli la jirani na sauti ya nabii: nimfuate nani katika mambo ya roho?

Mshoni wa Wete (mwenye swali)

Bwana Yesu asifiwe, wazee wangu na ndugu zangu. Naandika nikiwa Wete, Pemba, ambako mimi na mume wangu tumeishi miaka minne tangu alipohamishwa kikazi kutoka Unguja. Nimelelewa katika Kanisa la Anglikana. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapata kipaimara nikiwa na miaka 14, na sala ninazozijua kwa moyo ni zile alizonifundisha bibi yangu. Huku Pemba Wakristo tu wachache sana, wengi wetu ni watumishi wa serikali, askari na wafanyabiashara tuliotoka Unguja au bara, na padre wetu ana vituo vingi vya kuhudumia, kwa hiyo tunamwona mara moja kwa mwezi, pengine kwa miezi miwili. Jumapili nyingine tunakusanyika watu kumi au kumi na wawili, mmoja anasoma masomo, tunaimba, tunaomba, tunatawanyika.

Mwaka jana nilipoteza mimba, na mwaka huu nikapoteza ya pili, zote kabla ya kutimiza miezi mitatu. Baada ya hii ya pili, rafiki yangu aliye Dar es Salaam aliniingiza katika kundi la maombi la kwenye simu, linaloongozwa na mtumishi anayeitwa nabii. Kila siku saa 6 usiku hutuma ujumbe wa sauti, na lazima niseme kweli kwamba nilifarijika, kwa sababu nilikuwa silali, na kusikia mtu akiomba wakati nyumba nzima iko kimya kulinitoa katika upweke mkubwa.

Usiku mmoja akanipigia yeye mwenyewe. Aliniambia, "Naona jikoni mwako chombo kisicho chako, na humo ndimo tumbo lako lilimofungwa." Nikainua macho. Juu ya kabati palikuwa na bakuli la bati lenye maua mekundu, ukingo wake umebanduka rangi, ambalo jirani yangu, bibi mmoja Mwislamu, aliniletea muhogo wa nazi siku za Ramadhani. Sikuwa nimelirudisha, kwa sababu bakuli halirudi tupu, na tangu nitoke hospitali sikuwa na nguvu ya kupika kitu cha kutia ndani yake. Mwili wote ulinisisimka.

Akaniagiza nisilirudishe, nisipokee tena chakula cha nyumba ile, nisiamkiane na bibi huyo, na nitume sadaka ya ukombozi ya shilingi 150,000. Aliniambia pia nisimwambie mume wangu wala padre, kwa kuwa hawana macho ya rohoni. Nimekwisha kutuma 50,000 kutoka katika fedha za cherehani. Bibi huyo ndiye aliyenishika usiku ule wa pili, akaita gari, akanifulia kanga zangu zilizolowa damu bila kuniuliza neno. Sasa napita mlangoni kwake nimeinamisha kichwa, naye ananiuliza kama bado naumwa.

Nilimpigia padre nikamweleza nusu tu ya jambo hili. Alinijibu, "Usifanye lolote kwa sasa, tutazungumza nikija," nami nikaona ni jibu la baridi kwa mtu anayeungua. Dada mmoja katika mkusanyiko wetu, aliyeokoka, ananishauri niwaache wote wawili, nibaki na Biblia na Roho Mtakatifu peke yangu.

Siulizi dhehebu gani ni la kweli. Nauliza Mkristo atamjuaje mtu anayefaa kufuatwa katika mambo ya roho yake. Tena, kama yule si nabii, alilionaje bakuli?

Mzee wa Mkunazini

Mwanangu, pole sana kwa misiba hii miwili. Naiita misiba kwa sababu ndivyo ilivyo, hata kama hapakuwa na matanga.

Naanza na bakuli, maana naona ndilo linalokutisha kuliko yote. Nimeishi visiwani miaka 71, na sijapata kuingia jiko la Unguja wala la Pemba lisilo na chombo cha jirani. Likiwa si bakuli ni sufuria, ikiwa si sufuria ni kawa, ama sinia lililobaki baada ya shughuli ya harusi. Mtu akimwambia mwanamke yeyote wa hapa, hasa baada ya Ramadhani, kwamba jikoni mwake kuna chombo kisicho chake, atakuwa amesema kweli. Sisemi kwamba amekudanganya kwa kusudi, kwa kuwa moyo wake siujui. Nasema neno lile halikuhitaji ufunuo.

Na hata kama lingehitaji, jambo hili lilikwisha kuamuliwa zamani. Soma Kumbukumbu la Torati sura ya 13. Hapo Musa anawaonya Waisraeli kwamba anaweza kutokea nabii akatoa ishara, na ishara ile ikatimia kweli, na bado wasimsikilize, kama anakowapeleka ni mbali na Mungu wao. Watu wengi wanaikumbuka sura ya 18, inayosema kwamba neno lisipotimia basi halikutoka kwa Bwana, wakadhani neno likitimia upimaji umekwisha. Haujaisha. Huyu amekupeleka wapi? Amekutenga na jirani aliyekufulia kanga zako, akakutenga na mumeo, akakutenga na padre wako, ukabaki peke yako na simu usiku wa manane.

Lile la kumficha mume ndilo lililonishtua kuliko fedha. Mtume Paulo alipohubiri Beroya, watu wa kule hawakumkubali hivi hivi tu. Matendo 17:11 inasema waliyachunguza Maandiko kila siku ili waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo, na kwa ajili hiyo wakaitwa waungwana. Paulo hakuwakemea kwa kukosa macho ya rohoni. Ikiwa Paulo alikubali kupimwa hadharani na watu aliowakuta jana, sioni kwa nini mtu wa leo aogope mumeo asikie alichokuambia.

Nitaongeza jambo la kwetu. Nyuma ya altare ya kanisa letu la Mkunazini amezikwa Askofu Edward Steere, aliyefariki 1882. Alikuja Unguja mwaka 1864, na kazi yake kubwa, pamoja na kulijenga kanisa lile mahali palipokuwa soko la watumwa, ilikuwa kuyatia Maandiko katika Kiswahili. Kazi hiyo hakuiweza mpaka alipokubali kuwa mwanafunzi wa wenyeji, Waislamu miongoni mwao, waliomwambia neno hili silo na lile ndilo. Na hata baada yake tafsiri iliendelea kusahihishwa mpaka ikapatikana Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tunaisoma mpaka leo. Ninapoingia pale Jumapili huwa nawaza hilo, na kwa mtu yeyote anayetaka kuiongoza roho yangu nauliza kwanza: yuko nani anayeweza kumwambia huyu "hapana", naye akatii? Padre ana askofu juu yake, mchungaji ana baraza la wazee. Wasipofanya kazi yao ni kosa, lakini angalau mlango wa kuwashitaki upo. Nabii wako yuko chini ya nani?

Seremala wa Chake Chake

Shalom, dada yangu. Namwunga mkono mzee kuhusu bakuli na kuhusu siri, lakini mimi ni Mpentekoste, na ningependa tusiifanye karama ya unabii iwe jambo la kuogopwa. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasimzimishe Roho wala wasitweze unabii, ndipo akasema wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Maneno hayo matatu yako pamoja, 1 Wathesalonike 5:19 hadi 21, na sisi tuna tabia ya kuchukua moja tu, kila mtu lake.

Nilifika Pemba kutoka Tanga nikiwa mlevi. Mchungaji mmoja alisimama siku moja akasema yupo mtu katika ibada ambaye amemwibia mtoto wake ada ya skuli. Nilikuwa mimi, na ada ile niliinywa. Sijui alijuaje, na sijawahi kumwuliza. Ninachojua ni yaliyofuata. Alikuja nyumbani kwangu mchana, akakaa mkekani, akala na sisi, akazungumza na mke wangu mbele yangu. Nilipopata fedha ya kwanza nikataka kuitoa yote sadaka kwa shukrani, alinirudishia mkononi akasema nikalipe ada kwanza, kisha nilipe deni la mbao. Miaka kadhaa baadaye yeye mwenyewe alikosea jambo, wazee wa kanisa wakamsimamisha kuhubiri kwa miezi mitatu, na kwa miezi hiyo mitatu nilimwona kila Jumapili kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, akiimba kama sisi. Nadhani siku zile ndizo zilizonifundisha kwamba naweza kumwamini.

Kwa hiyo simkatai huyo wa simu kwa sababu anaitwa nabii. Namkataa kwa sababu neno lake limekuja na bei, na limekuja na haraka. Elisha alipomponya Naamani hakupokea kitu, na Gehazi mtumishi wake aliyekimbia nyuma kwenda kudai alirudi na ukoma. Simoni wa Samaria alipoleta fedha ili auziwe uwezo wa Roho, Petro alimkemea vikali. Na andiko la kale sana la Kanisa, liitwalo Didake, linawaagiza waumini kwamba mtume anayepita akiomba fedha ni nabii wa uongo. Lakini akiomba kwa ajili ya wahitaji wengine, mtu asimhukumu. Wale waliishi karibu mno na nyakati za mitume, na tayari walikuwa wamechoshwa na jambo hili hili.

Kuhusu haraka, mimi siwezi kusahau Februari 2020, watu 20 walipokufa Moshi katika msongamano wa kuyakanyaga mafuta ya upako. Walikuwa watu wa imani, wenye shida zao kama wewe, na walikuwa wameambiwa baraka iko pale mbele. Niliumia sana, kwa kuwa ni watu wa kwetu.

Katekista, Unguja

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia kama Mkatoliki, na natumaini hutaona vibaya, kwa maana katika jambo hili tumekunywa kisima kimoja.

Jibu la padre wako halikuwa la baridi kama ulivyolisikia. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, aliyeandika juu ya kuzipambanua roho katika karne ya 16, alikuwa na kanuni kwamba wakati wa ukiwa, yaani roho inapokuwa na giza na msukosuko, mtu asibadili uamuzi aliokuwa nao kabla ya giza hilo. Kabla ya misiba yako uliamua kuishi kwa upendo na jirani yako, kutomficha mumeo mambo, na kulishika Kanisa lako. Mabadiliko yote matatu umeletewa usiku, ukiwa umefiwa. "Usifanye lolote kwa sasa" ni ushauri wa mtu aliyefundishwa. Pamoja na hayo nasema wazi kwamba padre alipaswa kukupigia tena jioni ile ile, akausikiliza moyo wako mpaka mwisho, na ukimwona umwambie hivyo bila kuogopa. Nawe ulimpa nusu ya habari. Hakuna mwongozi anayeweza kuongoza kwa nusu.

Jambo la pili ni mahali. Mtakatifu Monika alipofika Milano kutoka Afrika Kaskazini alisumbuka kuona kwamba Wakristo wa pale hawafungi Jumamosi kama alivyozoea kwao. Mwanawe Augustino akaenda kumwuliza Askofu Ambrosi, naye akajibu kwamba akiwa Roma hufunga Jumamosi, na akiwa Milano hafungi, na akamshauri afuate desturi ya Kanisa la mahali alipo. Monika, mwanamke aliyekuwa na msimamo kuliko wengi wetu, alilipokea jibu lile. Ambrosi aliijua Milano. Mtu anayekuongoza kutoka ng'ambo ya bahari hajui maana ya bakuli la futari katika mtaa wa Pemba, hajui kwamba ni salamu, na kwamba kulizuia ni kumwambia jirani umemkata. Paulo aliwaruhusu Wakorintho, wakialikwa na mtu asiyeamini, wale kinachowekwa mbele yao bila kuuliza-uliza, na hao walikuwa wakiishi mjini ambamo nyama iliuzwa ikitoka kwa sanamu. Muhogo wa bibi yako umetoka shambani na nazi imetoka mnazini.

Dada anayekushauri ubaki peke yako ana nia njema, lakini asome Matendo sura ya 8. Towashi wa Kushi alikuwa na Maandiko mkononi, tena akiyasoma kwa sauti garini, na alipoulizwa kama anaelewa akajibu, "Nitawezaje, mtu asiponiongoza?" Kutaka kuongozwa si uchanga wa imani. Angalia lakini Filipo alivyofanya. Alipanda akaketi pamoja naye, akaanzia pale pale alipokuwa akisoma, si mahali pengine alipopenda mwenyewe, akambatiza, kisha Roho akamnyakua, towashi asimwone tena, naye akaenda zake akifurahi. Nimefundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, kwa miaka mingi na kila mwaka nairudia sehemu hiyo kwa ajili yangu mwenyewe. Mwongozi akiondoka, yule aliyeongozwa anabaki na Kristo na safari yake, na furaha haipungui. Jiulize ingekuwaje kama kundi lile la simu lingefungwa leo usiku.

Mkunga mstaafu

Mwanangu, wengine wamesema vizuri kuhusu roho, mimi nina maneno machache kuhusu tumbo. Mimba nyingi zinazotoka mapema hutoka kwa sababu kiumbe hakikuanza sawasawa tangu mwanzo katika chembe zake za urithi. Mama hakufanya kosa, na bakuli halihusiki. Zipo sababu nyingine ambazo hospitali inaweza kuzitafuta, kama kaswende, kisukari, presha na matatizo ya tezi ya shingo. Umepoteza mbili, nenda ukapimwe wewe pamoja na mumeo kabla ya kubeba ya tatu, na mwambie daktari tarehe zote.

Kiongozi wa dini akikuzuia kwenda hospitali, au akikuagiza kufunga kula ukiwa na damu pungufu, usimfuate hata kama anaisema Biblia nzima kwa moyo. Kule Shakahola, Kenya, mwaka 2023, miili iliyofukuliwa ilizidi 400, na kati yao walikuwemo watoto wengi. Waliambiwa na mhubiri wao wafunge ili wamwone Yesu.

Mshoni wa Wete

Shikamooni wazee wangu, na asanteni sana. Niliyasoma majibu yenu mara mbili kabla ya kuandika, nami nililia nilipofika kwa benchi la nyuma na kwa towashi.

Jana usiku nilimwambia mume wangu yote, pamoja na zile 50,000. Alinyamaza kwa muda mrefu, nami niliogopa, kisha akaniuliza kwa nini sikumwamsha usiku ule, kwa kuwa yeye pia alikuwa halali. Sikujua. Miezi yote hiyo tumelala kitanda kimoja, kila mtu akijifanya amesinzia ili mwenzake apumzike.

Leo asubuhi nimetoka katika kundi lile. Mchana nimepika mkate wa kumimina, nikaukata, nikautia katika bakuli na kulifunika kwa kitambaa. Mikono ilinitetemeka njia nzima, na ni hatua ishirini tu. Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka kando, akasogea kunifanyia nafasi barazani. Tulikaa mpaka adhana ya alasiri. Hakuniuliza nilikuwa wapi.

Padre anakuja Jumapili ijayo. Nimeandika karatasi ya mambo ya kumwambia, nayo imejaa pande zote mbili, mpaka naona aibu. Jambo moja bado limenishinda: saa 6 usiku naamka mwenyewe kama nimeitwa, simu ikiwa imezimwa, na hofu inanijaa.

Mzee wa Mkunazini

Marahaba, mwanangu. Mazoea ya miezi hayaondoki kwa usiku mmoja, kwa hiyo usione kwamba umerudi nyuma. Saa 6 ikikuamsha, mwamshe mumeo, washeni taa, msome Zaburi ya 4 pamoja kwa sauti, mpaka ule mstari wa mwisho wa kujilaza kwa amani. Fanyeni hivyo kila usiku mpaka padre afike. Na karatasi yako usiifupishe. Mpe yote, asome mbele yako.